Betri za Malori ya Kinuni na Ng'ombe wa Mzee Mayala

Mgeni Rasmi, Ndugu Januarius Mwandu, Meneja wa Kampuni ya Pamba ya Nyota Tatu. Wazee wetu wa sungusungu mliokaa safu ya mbele. Bwana Mifugo, Ndugu Athanasi. Wakazi wa Kinuni, na ninyi jirani zetu mliotembea jua kali kutoka Nkoma na Mwamapalala: ng'wadila mno.

KUKUKARIBISHA

Mgeni Rasmi, karibu Kinuni. Umekuja kutufungulia kituo cha kununulia pamba, na tumefurahi. Mwaka jana mkulima wa hapa alibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi wa mbali, akifika anaambiwa ni chafu, arudi nayo. Sasa mizani iko mlangoni. Mwenye macho haambiwi tazama.

Maji uliyopewa uliposhuka kwenye gari yalitoka kisima cha upande wa juu. Kile cha upande wa chini, kilicho karibu na yadi yako, ndicho kilicho jirani na jukwaa hili, lakini hatukukupa maji yake. Sababu utaisikia humu ndani.

Tunaomba pia utuvumilie kwa urefu. Tulitakiwa tulete risala mapema ili kampuni iipitie, tukaileta. Ikarudi imekatwa kurasa mbili, tukaambiwa shughuli ya leo ni ya furaha, matatizo yapunguzwe. Ile iliyopunguzwa tunayo, tutakukabidhi ukaiweke ofisini. Tunayoisoma ni hii.

SISI NI NANI

Sisi ni mafundi. Wengi wetu tulikuwa waajiriwa wa chama cha ushirika, hapo hapo kwenye yadi uliyoinunua. Wengine walishika spana, wengine walichomelea, na katibu anayekusomea hapa, Esteria Luhaga, alitunza stoo ya spea. Msimu ukifunguka malori yale hayakulala. Yaliingia Nkoma, yakaingia Mwamapalala, yakashusha pamba hapa kinuni, na ikishachambuliwa yakapeleka marobota stesheni ya Malampaka. Lori likiharibikia njiani usiku wa mvua, tulilifuata kwa baiskeli tukiwa na gia boksi kwenye karia.

Kisha likaja soko huria. Hatulaumu. Wanunuzi walikuja wengi, kila mmoja na kofia yake na kalamu yake, ushirika ukashindwa kushindana nao. Malori yakaegeshwa. Mwaka wa kwanza tuliyapiga stati kila wiki ili yasife. Mwaka wa pili hapakuwa na dizeli ya kupigia stati. Mwaka wa tatu kuku walikuwa wanatagia kwenye viti vya madereva.

Tukaunda umoja huu ili tusife njaa. Ukiona mkokoteni wa ng'ombe unapita barabara hii, ekseli yake ni ya lori, na magurudumu yake ni ya lori. Tunafua majembe na visu kutoka kwenye springi. Hata kengele ya shule hapa ni rimu. Kwa hiyo tusidhaniwe kuwa ni watu wa kuyalilia mabati. Lori lililokufa lina kazi nyingi, mradi lichinjwe vizuri.

JINSI YA KUCHINJA LORI

Mafundi tunaposema kuchinja tuna maana ya kulifungua gari kipande kipande. Wewe Mgeni Rasmi ni mtoto wa wafugaji wa Malampaka, umekua ukiona ng'ombe akichinjwa. Unajua kwamba mchinjaji anayejua kazi yake hakurupukii mapaja. Anakinga damu kwanza. Halafu anaitafuta nyongo, anaitoa nzima, taratibu, maana ikipasuka ndani nyama imeharibika.

Lori nalo ni hivyo. Damu yake ni oili, dizeli, mafuta ya breki na maji ya rejeta. Hivyo vyote vinakingwa kwenye madumu yenye vifuniko, kabla hujagusa boliti nyingine. Havimwagwi chini wala havifukiwi kwenye shimo, kwa sababu tone la oili likishaingia ardhini linatafuta kisima. Tengi la dizeli linashushwa na kuoshwa kabla moto wa gesi haujasogea. Nyaya zinachunwa kwa kisu ili upate shaba, hazichomwi. Matairi hayachomwi. Kazi yote inafanyika juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo, mbali na mto na visima, na pawepo uzio ambao hata mbuzi hapiti.

Na nyongo ya lori ni betri. Betri inatolewa nzima, inabebwa ikiwa imesimama, inawekwa juu ya mbao chini ya paa, na inauzwa nzima kwa mwenye kiwanda anayejua kuiyeyusha. Haipasuliwi kijijini. Ndani yake kuna maji makali yanayokula nguo na ngozi, na kuna risasi, madini yale mazito ya kijivu, ambayo ni sumu kwa mtu na kwa mnyama. Haya hatukuyabuni sisi. Tulifundishwa na ushirika, tukayatii miaka yote, na yalikuwa yamepakwa rangi ukutani pale stoo hadi kampuni ilipopiga chokaa mpya.

MAFANIKIO

Risala huwa na mafanikio, nasi tunayo. Mikokoteni yetu imefika hadi Maswa. Tumejenga kibanda chenye paa. Vijana wetu hawajakimbilia mjini. Hayo yatosha, maana jua linashuka na tuna jambo.

TATIZO LETU

Risala nyingine huleta matatizo kumi ili mgeni achague jepesi. Sisi tunaleta moja.

Ulipoinunua yadi, Mgeni Rasmi, ulileta watu wa kuchinja malori, wakiwa chini ya msimamizi wako, Bwana Jilala, yule aliyesimama karibu na gari lako. Tulimwendea kwa adabu. Tulimwambia tunaijua kazi hii, na kama hatupi kazi basi atupe nafasi tumwonyeshe palipo sakafu. Akatujibu, "Hii ni yadi ya mtu binafsi. Zama za ushirika zimepita." Tukarudi.

Watu wake walizipasua betri kwa mashoka, kwenye udongo mtupu, pale penye ukingo wa chini wa yadi ambapo uzio uling'olewa ili lori la skrepa ligeuze. Wakatwaa risasi walizoweza kubeba, wakaacha masanduku yaliyovunjika na ungaunga wake. Nyaya wakazichoma mbele ya nyumba iliyo jirani na pale, siku baada ya siku. Ilikuwa masika, mvua ikapiga, maji yakatandaza vitu vile. Mvua zilipokata mwezi wa tano, udongo ukakauka, ukatoa kitu cheupe juu yake.

Sasa tunaomba wazee mtusikilize bila kukunja uso, hasa wewe Mzee Mayala, ambaye hapa hakuna asiyekuheshimu.

Mgeni Rasmi, sisi Wasukuma hatununulii ng'ombe chumvi ikiwa Mungu ameiweka ardhini. Tunatafuta udongo wa chumvi tunawalambisha. Lakini si kila udongo mweupe ni mzuri, kwa hiyo mtu anauonja kwanza kwa ulimi wake mwenyewe. Kinuni mtu huyo ni Mzee Mayala. Baba yake alikuwa hivyo, na babu yake. Watu wamemfuata kutoka Mwamapalala aende kuonja kabla hawajaswaga mifugo. Akisema huu mzuri, ng'ombe wananenepa. Akisema huu uacheni, unaachwa. Hatujawahi kusikia amekosea.

Mzee Mayala alipita pale, akaona weupe, akainama akaonja. Alituambia mwenyewe siku ile, tukiwa tunakaza gurudumu la mkokoteni wake: "Una uchachu, halafu nyuma yake kuna utamu. Sijawahi kuupata wa namna hii." Akawaleta ng'ombe wake wakalamba. Walipenda. Waliurudia wenyewe hata bila kuswagwa, wakalamba na masanduku yaliyovunjika.

Kilichofuata kila mtu hapa alikiona. Ng'ombe walisaga meno. Wakawa vipofu macho yakiwa wazi. Wengine walizunguka mahali pamoja mchana kutwa, wengine walisukuma vichwa kwenye miti kama wanaotaka kuing'oa, kisha wakaanguka. Mzee Mayala alipoteza karibu zizi zima, na yeye mwenyewe tumbo likamsokota hadi akashindwa kusimama. Wanaume wazima walilia kwenye boma lile, na kilio kile tulilia pamoja.

Bwana Mifugo, Ndugu Athanasi, alikuja akampasua mmoja. Ndani ya tumbo akatoa vipande vya kijivu, vidogo, vizito kuliko jiwe. Akatuita mafundi tuvitazame. Hatukuhitaji kuvitazama mara mbili. Ni vyuma vya ndani ya betri. Ndugu Athanasi akasema mbele ya watu, "Hii ni risasi. Msile nyama hii, zikeni." Na hapo ndipo alipoharibu, masikini, maana kumwambia mtu aliyefiwa na ng'ombe azike hata nyama ni kumtukana. Watu wakaguna. Jioni ile yakaanza maneno mengine.

Maneno hayo yalikwenda kwenye ile nyumba iliyo jirani na uzio.

Anayekaa mle ni mama yetu, mayu Milembe, mjane wa marehemu Marcelo aliyekuwa dereva wa ushirika. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona hatari. Bata wake walikunywa kwenye dimbwi la pale wakafa wote. Kwa hiyo alipoona ng'ombe wanaletwa alitoka na fimbo akawazuia, akapiga kelele: "Waondoeni hapa. Ng'ombe hawa watakufa." Akarudia tena kesho yake. Mchungaji akamsukuma, ng'ombe wakapita, na kweli wakafa.

Laiti angenyamaza. Onyo lake limegeuzwa apizo. Wanasema alijuaje? Wanasema, tazameni macho yake yalivyo mekundu, ndiyo macho ya mchawi. Mgeni Rasmi, macho ya mayu Milembe ni mekundu kwa sababu nyaya za malori yako zilichomwa upepo ukielekea mlangoni kwake. Tulikuwa tunamjua kabla ya moshi ule. Alikuwa na macho kama ya mtu yeyote.

Na Ndugu Athanasi aliposimama kumtetea, wakasema amehongwa, amekula kuku wake.

Juma lililopita baraza la sungusungu liliamua mayu Milembe atengwe. Hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi. Na awe ametoka Kinuni kabla ya jua la leo kuzama. Baada ya hapo, baraza limesema, halitajua litakalompata. Sisi tunajua. Tunajua yaliyompata mwenzake ng'ambo ya mto wakati wa palizi, na hatutayasema kwa sababu watoto wa shule wamekaa hapa mbele.

Tunawaambia wazee wetu bila kuficha: tunaogopa. Sungusungu ndio waliorudisha ng'ombe walioibwa, ndio waliotufanya tulale milango wazi, na wengi wetu ni wanachama. Hatukusimama hapa kuwadharau. Tumekwenda barazani mara mbili kuwaeleza habari ya betri. Tulijibiwa kwamba mafundi wana chuki na kampuni kwa sababu wamenyimwa kazi, kwa hiyo wanatafuta pa kuitupia lawama. Jibu hilo lina akili ndani yake, hatukatai. Hata sisi tungekuwa barazani tungelisema.

Ndiyo maana hatuombi tena sisi kuaminiwa.

Kwako Mzee Mayala tuna neno moja kabla hatujaendelea. Ulimi wako haukukosea. Uliijua kila chumvi ambayo Mungu aliiweka katika ardhi hii. Kile ulichoonja hakikuwekwa na Mungu. Kiliwekwa na watu, kwa shoka, na babu yako hakuwahi kukutana nacho hata akufundishe. Kukubali kwamba ulidanganywa na sumu si aibu. Tunakuomba, baba, ulifikirie hilo wakati mgeni anazungumza.

MAOMBI YETU

Mgeni Rasmi, malori mengine bado yamesimama yadini, na Bwana Jilala ametangaza kuwa kazi inaendelea Jumatatu. Tunaomba isiendelee mpaka ukingo wa chini uzibwe, na kila lori lichinjwe juu ya sakafu, damu yake ikingwe, betri yake itoke nzima. Udongo ule mweupe uchimbwe, utiwe kwenye mapipa, ufunikwe, usipelekwe mtoni. Kisima cha chini kifungwe hadi maji yake yapimwe na wanaojua. Tunaomba na lile andiko lililofunikwa na chokaa liandikwe upya, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, ili hata mchungaji ajue pale hapalambwi.

Sote tunajua kwa nini kuyakubali hayo ni kugumu. Ukisema zile zilikuwa betri zako, utaulizwa ng'ombe wa Mzee Mayala. Hilo ni lako na lake, wanaume wenye ng'ombe hujua namna ya kukaa wakazungumza, na hatuna haki ya kumsamehe mtu deni la mwingine. Lakini tumekaa kikao, tukajiuliza sisi tuna nini cha kukupunguzia mzigo. Tuna mikono. Udongo wote tutauchimba sisi. Uzio tutaujenga sisi, sakafu tutaimwaga sisi, malori yaliyobaki tutakuonyesha namna ya kuyachinja, na hatutachukua ujira wako hadi msimu huu uishe. Wake zetu wamelisikia hilo na wamekubali, ingawa hawakukubali kwa kucheka.

Badala yake tunataka kitu kimoja, nacho hakikugharimu hata lita moja ya dizeli. Tunataka usimame ukaseme kwa kinywa chako kwamba betri zilipasuliwa na watu wako, kwenye yadi yako, na kwamba ndizo zilizoua ng'ombe. Sisi tukisema ni chuki. Bwana Mifugo akisema ni kuku. Mayu Milembe akisema ni uchawi. Wewe ukisema, hakuna atakayeuliza umepata faida gani, maana kila mtu ataona umepata hasara.

TUNAMALIZA

Ratiba mliyogawiwa ina ngoma baada ya risala, kisha kwaya, kisha neno la shukrani. Tumewaomba wacheza ngoma na wanakwaya wasubiri, nao wamekubali. Kwa hiyo tukimaliza hapa, anayefuata ni wewe.

Uliuliza ulipoketi, yule bibi aliyewekwa kwenye kiti cha kuume kwako ni nani, na Bwana Jilala akakujibu kuwa ni mzee wa mtaa. Umesalimiana naye kwa mikono miwili, umemwita mayu, kama ulivyolelewa. Wewe ndiye mtu wa kwanza kumsalimia tangu Jumatano ya juma lililopita, ukituondoa sisi. Ndiye Milembe. Lile furushi lililo miguuni pake ni vyombo vyake vyote.

Alitaka kuondoka alfajiri peke yake. Alituambia, "Mniache, wanangu, nisije nikawaletea ubaya." Tulimzuia sisi, tukamwambia angoje kidogo, mgeni anakuja, na mgeni ni mtu wa kusoma, na baba yake alikuwa na ng'ombe. Tumempa ahadi juu ya kinywa ambacho si chetu. Tunakiri hatukuwa na kingine cha kumpa.

Utakaposimama, anza na yeye. Ukianza na bei ya pamba tutapiga makofi kama tulivyoagizwa na ofisi yako, maana wewe ni mgeni wetu na hatutakuaibisha. Kisha tutafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, tumpandishe mayu Milembe na furushi lake, na umoja huu wote utatembea naye kushoto na kulia hadi atakapopanda treni pale Malampaka. Hakuna fundi atakayebaki Kinuni leo, na atakayetaka kumgusa atatukuta barabarani.

Mungu akuzidishie ng'ombe, akupe mvua kwa wakati wake, awaangalie watoto wako wasilambe kisicholambwa. Na sasa hivi, kabla jua halijagusa ule mlima, akupe neno.

Wabeja sana, asanteni.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi wa Kinuni.